Ridhaa na Saa: Beryl Burton na Wapanda Baiskeli wa Alfajiri

Kuna maneno ambayo tafsiri yake imelizidi lile lililotafsiriwa. Waandishi na watangazaji wetu walipotafuta jina la mchezaji asiyelipwa, hawakumwita mpenzi, ingawa ndiyo maana ya asili ya neno walilolichukua Waingereza kwa Wafaransa, na Wafaransa kwa Walatini. Walimwita mchezaji wa ridhaa. Na ridhaa ni neno zito. Ndoa haifungwi bila ya ridhaa. Na radhi ya mzazi, iliyozaliwa na mzizi huo huo, hutafutwa hata baada ya mzazi kuzikwa. Mpenzi huweza kupenda leo na kesho akasahau, lakini mwenye kuridhia amekwisha kukubali, na kukubali kuna gharama yake. Swali linabaki: mpanda baiskeli wa ridhaa amekubali nini hasa? Nimelitafutia jibu katika historia ya mchezo mmoja wa Uingereza, yaani mbio za baiskeli barabarani ambazo mtu hushindana na saa, na katika maisha ya mwanamke aliyeutawala mchezo huo kwa robo karne, Beryl Burton wa Yorkshire.

Msomaji wa visiwani huenda akastaajabu. Kwetu sisi baiskeli ni chombo cha kazi. Juu yake hupita tenga la samaki, mkungu wa ndizi, mzigo wa majani ya ng'ombe, na pengine mke na mtoto kwa pamoja. Mtu anayeamka kabla ya adhana akapanda baiskeli maili mia moja, kisha akarejea pale pale alipoanzia, hana mzigo, hana ujumbe, hana alichouza, majirani watasema ana lake jambo. Nasi tusijione wa pekee kwa hilo. Waingereza wa mwisho wa karne ya kumi na tisa waliwatazama wapanda baiskeli wao kwa jicho hilo hilo, tena lenye hasira ndani yake.

Barabara zile zilikuwa mali ya farasi. Mwaka 1894, katika mbio za maili 50 zilizoandaliwa na klabu ya North Road kwenye barabara kuu iendayo kaskazini, wapanda baiskeli watatu, mmoja wao akiwa F. T. Bidlake, walikutana na gari la farasi lililoendeshwa na mwanamke. Farasi alishtuka, wapandaji wakaanguka, na malalamiko yakafika polisi. Umoja wa taifa wa wapanda baiskeli ulihofia kwamba serikali ingeweza kuwapiga marufuku wote kwa kosa la wachache, na katika miaka hiyo ukavikataza vilabu vyake kuandaa mbio za barabarani. Ajabu ya historia ni kwamba katazo hilo halikutoka serikalini. Wapanda baiskeli walijifunga kamba wenyewe ili wengine wasiwafunge.

Wenye kiu, hata hivyo, hutafuta njia ya maji. Mwaka 1895 klabu ile ile ya North Road iliandaa mbio za aina nyingine. Wapandaji hawakuondoka kwa kundi, bali mmoja mmoja, kila mtu akipishana na mwenzake kwa muda uliopangwa, na mwenye saa akiandika wakati wa kuondoka na wa kurudi. Hapakuwa na msafara wa kumshtua farasi. Mtu aliyewatazama kutoka dirishani kwake aliona mpanda baiskeli mmoja akipita, kisha kimya, kisha mwingine, wala asijue kwamba yalikuwa mashindano. Bidlake, aliyekuwa mmoja wa walioanguka, akawa mtetezi mkubwa wa mtindo huo.

Usiri ukageuka ada. Mbio zilifanyika alfajiri ya Jumapili, barabara zikiwa tupu. Mpandaji alivaa nguo nyeusi tangu shingoni hadi vifundoni, wala hakubandika namba ya mashindano. Karatasi za ratiba zilichapishwa zikiwa na onyo kwamba ni za siri. Njia nazo zilipewa herufi na namba badala ya majina, na desturi hiyo imebaki hadi leo: mpanda baiskeli wa Uingereza atakutajia V718 au E2 kama mtaalamu wa nyota anavyotaja nyota isiyo na jina, na ambaye si mwenzao hataambulia kitu. Chombo cha kuusimamia mchezo huo kiliundwa mwaka 1922, na tangu 1937 kikaitwa Road Time Trials Council.

Huku ng'ambo ya mlango wa bahari, nchini Ufaransa, gazeti la L'Auto lilikwisha kuanzisha Tour de France mwaka 1903. Ubelgiji na Italia nazo zilikuwa na mbio za miji na milima, zenye umati, muziki, matangazo ya biashara na mashujaa wanaolipwa. Uingereza ilikaa kando ya hayo yote. Ilipofika Juni 1942, Percy Stallard alipothubutu kuandaa mbio za kundi kutoka Llangollen hadi Wolverhampton, watu walijipanga njiani kushangilia, polisi walisaidia, na wakubwa wa mchezo wakamfungia. Yeye na wenziwe waliunda chama chao mwaka huo huo, na ugomvi ukadumu hadi 1959 vyama vilipoungana. Lakini makala haya hayawahusu wale waliotaka umati. Yanawahusu waliokubali kwenda peke yao.

Ama ugumu wa kwenda peke yako, ni ugumu wa hewa. Katika kundi, aliye nyuma hujificha kwenye kivuli cha aliye mbele na kupunguziwa sehemu kubwa ya kazi. Katika mbio za saa kujificha huko ni haramu. Ukimfikia mwenzako huna budi kumpita na kwenda zako. Na hewa haifanyi biashara ya haki: ukiuzidisha mwendo mara mbili, upinzani wake huzidi mara nne, na nguvu ya kuushinda huzidi mara nane. Kila dakika unayotaka kuipunguza ni ghali kuliko ile uliyoipunguza kabla yake.

Watu wa pwani, tunaoishi kwa kaskazi na kusi, tutafahamu upesi jambo la pili. Njia nyingi za mbio hizi huenda na kurudi kwa barabara ile ile, kwa hiyo mtu angedhani upepo anaoupinga akienda atalipwa akirudi. Halipwi. Tuchukue maili 25, ambazo ni takriban kilomita 40. Mwenye kwenda nusu ya kwanza kwa mwendo wa maili 20 kwa saa, upepo ukiwa usoni, atatumia dakika 37 na nusu. Akirudi na upepo mgongoni kwa maili 30 kwa saa, atatumia dakika 25. Jumla ni dakika 62 na nusu, na ile saa moja anayoiota kila mpanda baiskeli wa ridhaa imemponyoka, ijapokuwa ukizijumlisha kasi mbili na kuzigawa kwa mbili unapata 25 kamili. Sababu ni nyepesi: anakaa muda mrefu zaidi katika shida kuliko katika raha. Nahodha anayebisha analijua hilo bila ya hesabu.

Basi raha ya mchezo huu iko wapi? Wanaoufanya hutaja barabara ya asubuhi isiyo na mtu, sauti ya mnyororo uliotiwa mafuta vizuri, na pumzi inayokubaliana na miguu kwa mizani kama ya shairi. Hutaja pia usawa wa saa. Saa haimjui tajiri wala maskini, na aliyekuwa wa arubaini ana ushindi wake ikiwa leo amepunguza sekunde kumi kwenye wakati wake wa mwaka jana. Nadhani sisi tunaotunga na kuchapisha katika kurasa zisizolipa tunaweza kuwaelewa bila ya mkalimani.

Lakini saa ikiwa haijui tajiri na maskini, ridhaa ilikuwa ikiwajua. Hapa lazima tuseme ukweli ambao neno letu tamu huuficha. Kanuni za mashindano ya makasia ya Henley za mwaka 1879 zilimtoa katika daraja la ridhaa fundi, kibarua na kila aliyejipatia riziki kwa kazi ya mikono. Hakutolewa kwa kuwa alilipwa kwa kuvuta kasia, bali kwa kuwa alifanya kazi. Ridhaa ilikuwa jina la heshima la watu wenye nafasi. Baiskeli haikwenda hivyo. Ilikuwa rahisi kuliko farasi, na katika karne ya ishirini vilabu vya kaskazini ya Uingereza vilijaa watu wa viwandani na migodini, ambao Jumapili ndiyo iliyokuwa siku yao pekee. Hata hivyo sharti moja lilibaki: anayelipwa kwa kupanda si wa ridhaa tena. Kwa mwenye mali sharti hilo ni pambo. Kwa kibarua ni kodi, naye huilipa kwa usingizi wake.

Beryl Burton alizaliwa Leeds tarehe 12 Mei 1937, katika ukoo usio na mali. Alipokuwa na umri wa miaka 11, mwaka wa mtihani ule uliowagawa watoto wa Kiingereza katika shule za juu na za chini, alipatwa na homa ya baridi yabisi. Alilazwa hospitali miezi tisa, kisha akakaa miezi 15 katika nyumba ya kuuguzia. Madaktari walionya ajiepushe na kazi za nguvu. Baadaye, akiwa msichana wa kazi, alikutana na Charlie Burton, aliyekuwa mpanda baiskeli, na wakaoana mwaka 1955. Ni Charlie aliyemtia katika klabu ya Morley. Mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba mwaka wa kwanza walilazimika kumsukuma njiani, mwaka wa pili alikuwa mmoja wao, na mwaka wa tatu alikuwa mbele yao.

Kazi yake iliyojulikana zaidi ilikuwa shambani kwa Nim Carline, mwanachama mwenzake wa klabu na mpandaji hodari wa masafa marefu, aliyelima rubarbi. Huo ni mmea wenye mabua mekundu na machachu, ambao watu wa sehemu ile ya Yorkshire huuotesha gizani wakati wa baridi, ndani ya vibanda, na kuuvuna kwa mwanga wa mishumaa ili mabua yabaki laini. Kabla ya hapo, mashina yake makubwa lazima yang'olewe kutoka katika udongo wa baridi kali na kubebwa. Kazi hiyo humkunja mtu mgongo. Burton aliifanya mchana, akapanda baiskeli kwenda na kurudi, akafanya mazoezi, akalea binti yake Denise, aliyezaliwa mwaka 1956, na akatunza nyumba. Waandishi wengine husema rubarbi ndiyo iliyompa nguvu. Sina haja ya kubishana nao, ila naona ni rahisi kuisifu kazi ngumu kwa mtu asiyeifanya.

Alichokipata kwa saa za ziada za maisha kama hayo kinatatiza kalamu. Alikuwa bingwa wa dunia mara saba: mara mbili barabarani, mwaka 1960 na 1967, na mara tano katika mbio za kufukuzana uwanjani. Mwaka 1963 alikuwa mwanamke wa kwanza kumaliza maili 25 chini ya saa moja, na mwaka 1968 maili 100 chini ya saa nne, kwa saa 3, dakika 55 na sekunde 5. Taji la mpandaji bora wa kike wa Uingereza katika mbio za saa, linalohesabiwa kwa wastani wa mwendo katika masafa mbalimbali, alilishika kila mwaka tangu 1959 hadi 1983, miaka 25 mfululizo. Malkia alimtunuku nishani mara mbili. Na mwaka 1960, kampuni ya Raleigh ilipomtaka apande kwa malipo, alikataa, akabaki katika ridhaa.

Siku inayokumbukwa kuliko zote ni ya Septemba 1967, wakati klabu ya Otley ilipoandaa mbio za saa 12. Katika mbio hizi hakuna mstari wa mwisho. Unapewa muda, na swali ni umbali gani utakuwa umefika muda ukiisha. Wanaume 99 waliondoka kwanza, mmoja baada ya mmoja, na wanawake wakafuata. Mwezi huo huo Burton alikuwa ametoka kuchukua taji la dunia huko Uholanzi. Saa zikapita, naye akawa anawakuta wanaume na kuwapita, mpaka katika saa za mwisho mbele yake akabaki mmoja tu, Mike McNamara. Wala McNamara hakuwa amechoka: siku hiyo alikuwa njiani kuivunja rekodi ya wanaume ya Uingereza.

Burton alipomkaribia alipatwa na haya. Alieleza baadaye kwamba hakujua amwambie nini. Kumpita kimya aliona ni ukosefu wa adabu, na kusema neno kungeweza kuwa kejeli. Mfukoni mwake alikuwa na peremende za susi, ule mzizi mtamu mweusi ambao mji wa Pontefract, usio mbali na kwao, umejulikana nao kwa karne nyingi. Alimnyooshea moja. McNamara akaipokea, akamshukuru, akaitia mdomoni. Burton akaenda zake. McNamara alimaliza na maili 276.52, rekodi mpya ya wanaume. Burton alimaliza na maili 277.25, takriban kilomita 446. Wanaume walihitaji miaka miwili kuupita umbali huo, na wanawake miaka 50: mwaka 2017 Alice Lethbridge alifika maili 285.65, kwa baiskeli na mavazi ambayo Burton hakuyaona hata ndotoni.

Kisa hiki kimesimuliwa sana, na aghalabu husimuliwa kwa kicheko. Mimi hunivuta zile dakika za haya kabla ya peremende. Mwanamke huyu alikuwa hana mlinganishi, na bado alikuwa akitafuta namna ya kushinda bila ya kuomba radhi na bila ya kumdhalilisha aliyeshindwa. Hapakuwa na lugha iliyotayarishwa kwa jambo hilo. Mwaka uliofuata alialikwa Ufaransa katika Grand Prix des Nations, mbio za saa za wanaume wa malipo, ambazo Felice Gimondi alishinda. Burton aliruhusiwa kupanda njia ile ile, ila kabla ya wanaume, kana kwamba ni utangulizi wa kitabu ambacho yeye hakuandikwa ndani yake.

Nisingependa, hata hivyo, kumchora kama malaika. Mwaka 1976, katika ubingwa wa taifa wa barabarani, Burton na binti yake Denise walifika mwisho pamoja katika kundi dogo. Denise akamshinda mama yake kwa kasi ya hatua za mwisho. Walipopanda jukwaani, mama alikataa kumpa mkono binti. Kitabuni mwake, Personal Best cha mwaka 1986, alijieleza kwamba aliona Denise hakufanya sehemu yake ya kazi ya kuvuta mbele, na pia hakuficha kwamba kitendo chenyewe hakikuwa cha kujivunia. Wapo waliomhukumu kwa ukali. Mimi naona hapo ndipo bei ya ridhaa inapoonekana wazi. Mlipwaji akishindwa hupoteza mapato, na jioni hurudi nyumbani akawa mama. Aliyekubali kwa nafsi yake yote hana pa kuiacha nafsi hiyo akifika mlangoni. Mwaka 1982 mama na binti walipanda pamoja baiskeli moja ya watu wawili na kuweka rekodi ya taifa ya maili 10, nami hupenda kufikiri kwamba mazungumzo yaliyoshindikana jukwaani yalifanyika juu ya mnyororo ule mmoja.

Tena kuna ridhaa ya pili isiyoandikwa katika orodha za rekodi, nayo ni ya Charlie. Alikuwa mpanda baiskeli kabla ya mkewe. Akageuka fundi wake, mbeba chupa wake, dereva wake na mlezi wa mtoto, katika nchi na zama ambapo mume kumfuata mke uwanjani ilikuwa kichekesho. Mchezo wa watu wasiolipwa husimama juu ya mabega ya watu wengine wasiolipwa zaidi. Mshika saa anayetetemeka kwa baridi kando ya njia saa kumi na moja alfajiri ni mmoja wao, na anayepika chai ukumbini ni mwingine.

Burton hakuacha. Alipokuwa na miaka 47, mwaka 1984, Michezo ya Olimpiki iliwafungulia wanawake mbio za baiskeli kwa mara ya kwanza, huko Los Angeles, naye hakuwamo. Ubingwa wa dunia wa wanawake wa mbio za saa, ule mchezo wenyewe aliokuwa hana mpinzani ndani yake, haukuanzishwa hadi 1994. Mnamo miaka hiyo hiyo ukuta baina ya ridhaa na malipo ulikuwa ukibomolewa, na katika Olimpiki ya Atlanta ya 1996 wapanda baiskeli wa malipo waliruhusiwa kuingia. Atlanta ndiko wanawake waliposhindana na saa kwa mara ya kwanza katika Olimpiki. Nishani ya dhahabu ilitolewa mwezi Agosti, kwa Zulfiya Zabirova wa Urusi. Tarehe 5 Mei mwaka huo, huko Yorkshire, moyo wa Beryl Burton ulikuwa umesimama akiwa juu ya baiskeli yake, akizunguka kugawa kadi za kuwaalika rafiki zake kwenye sherehe ya kutimiza miaka 59.